Gia boksi ya A340E iliyouzwa "kama ilivyo": nilichokikuta ndani

Masharti ya muuzaji yalikuwa mafupi: gia boksi ya otomatiki ya Toyota, A340E, hali haijulikani, kama ilivyo, ikitoka hairudi. Kwangu hayo ni masharti ya haki. Nilikuwa nanunua ganda na vyuma vya ndani ili niifanyie oveholi, na kwenye oveholi pleti za klachi, sili na gasketi huingia mpya hata kama za zamani zinang'aa. Mwenye haraka ya kufunga leo na kuondoka kesho asiguse mzigo wa namna hii. Huyo atafute iliyojaribiwa ikiwa bado ndani ya gari linalotembea.

A340E yenyewe naisifu bila kusita. Ni kazi ya Aisin, gia nne, ya magari yanayovuta kwa nyuma. Ndugu yake wa damu, AW4, alifungwa kwenye Jeep Cherokee kuanzia 1987, kwa hiyo seti za oveholi zinapatikana. Umeme wake hauchoshi kichwa: solenoidi (valvu za umeme) mbili za kubadilisha gia na moja ya kufunga toku konvata (kiunganishi cha oili kati ya injini na gia boksi), halafu kebo ya pedali ya mafuta inayokuja hadi kwenye gia boksi kurekebisha presha. Pa kuwa macho ni mahali pamoja tu: aina. Sehemu ya mbele inayoshikana na injini hutofautiana kulingana na injini, na A340F ni ya magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Ukitaja "ya Toyota" peke yake utaletewa chochote. Taja kodi (herufi na namba za aina) iliyo kwenye kibati chake, na injini itakayofungwa nayo.

Alama nyingi nawapa wauzaji kwa jambo moja: waliniruhusu nifungue sampu (trei ya oili iliyo chini ya gia boksi) palepale sakafuni kabla ya kulipa. Oili ilikuwa nyeusi na inanuka kuungua. Kijana wa stoo akaanza kujitetea, akidhani nitaghairi. Mimi nilifurahi. Oili iliyoungua inasema klachi zimekwisha, na klachi nilishapanga kuzitupa. Kinachonitia wasiwasi ni oili nyekundu safi ndani ya gia boksi iliyochakaa nje: mtu ameimwaga ya zamani, na ushahidi umeondoka nayo.

Baada ya hapo, sumaku za kwenye sampu. Ujiuji wa kijivu uliogandia juu yake ni wa kawaida kwa gia boksi iliyotembea. Ukikuta vipande vyenye ncha, vya kuchoma kidole, funga sampu uage. Ila sumaku haikamati aluminiamu wala shaba, na wengi hukomea kwenye sumaku. Nilifuta sakafu ya sampu kwa kitambaa cheupe, nikakipeleka juani. Palikuwa na chembe chache za dhahabu, yaani bushi zimelika kidogo, bushi zinabadilishika. Oili ingekuwa na rangi ya maziwa ya waridi nisingeendelea, kwa sababu hayo ni maji ya rejeta. Maji hutoa gundi ya pleti na kuacha kutu hadi kwenye bering na valvu.

Mezani, mhalifu alikuwa klachi ya C2, moja ya seti za klachi za ndani. Pleti zake za msuguano zilikuwa zimebaki chuma kitupu, na zile za chuma zina madoa ya bluu ya joto. Klachi hiyo hufanya kazi kwenye gia ya tatu, ya nne na rivasi, kwa hiyo gari lililotoka nayo huenda lilivuta vizuri moja na mbili, kisha injini ikalia bure kwenye tatu. Nilipopuliza upepo wa kompresa kwenye tundu lake, ulivuja ukipiga mluzi. Sili ya pistoni ilikuwa imekauka, ngumu kama plastiki. Hapo ndipo chanzo kilipo, na fundi anayebadilisha pleti akaacha sili atalipokea gari hilohilo tena. Dramu haikuwa na ufa, gia za sayari zilizunguka kimya, pampu haikuwa na mikwaruzo, na valvu ziliteleza zenyewe nilipoinamisha valvu bodi (kitalu chenye valvu na njia za oili). Solenoidi nilizipima kwa mita. Inatakiwa kusoma omu 11 hadi 15. Mbili zilisoma humo, moja haikusoma kitu. Hasara ndogo.

Sasa malalamiko. Soketi ya waya ilikatwa kwa plaizi karibu kabisa na ganda, kazi ya mtu aliyeona kufungua klipu ni usumbufu. Kutafuta soketi nyingine kulinichosha kuliko klachi zote. Na toku konvata waliniuzia kwa maneno "hiyo haina shida". Inayo. Uchafu wote wa C2 umepita humo, na huwezi kuusuuza kwa kumwagia petroli na kutikisa. Ama ikatwe, isafishwe, ichomelewe na kupimwa mzunguko, ama ununue nyingine. Basi unapopatana bei, ihesabu toku konvata kama haipo. Kipozeo cha oili cha gari litakalofungwa gia boksi hii nacho kisafishwe hadi oili itoke safi, au kibadilishwe, maana uchafu uliolala humo hurudi moja kwa moja kwenye klachi mpya.

Kwa muuzaji huyu nitarudi. Sampu anaruhusu kufungua, na kodi aliyoandika ndiyo iliyokuwa kwenye kibati. Ila safari hiyo soketi ya waya nitaifungua mwenyewe, plaizi ikiwa mbali.