Kolibri kwa Somo la Ufahamu: Inafaa au Haifai?

Walimu wa Tanga na wote mnaotutazama, karibuni. Leo mezani tuna Kolibri, programu ya bure ya kujifunzia kutoka shirika la Learning Equality, na tunaipima kwa ufahamu wa Kiingereza. Unaiweka kwenye laptopu moja, unaiunganisha na ruta, wanafunzi wanaingia kwa kivinjari cha simu au tableti. Bando linaliwa siku ya kushusha masomo tu.

Hapo kwenye kushusha ndipo wengi wanapojaza diski. Usichukue chaneli nzima, yaani mkusanyiko mzima wa masomo, na video zake, chagua folda za kusoma. Kitabu kikiwepo kwa EPUB, aina ya faili la kitabu cha kidijitali, achana na PDF. EPUB ukikuza herufi mistari inajipanga upya. PDF kwenye simu ndogo, mtoto anasukuma ukurasa kushoto kulia. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo umeshamtoka.

Sasa kasoro yenyewe, tazameni skrini. Kifungu kipo peke yake, zoezi peke yake. Akifungua swali, kifungu hakionekani tena. Hapo unapima kumbukumbu, si ufahamu! Dawa: ingia Kolibri Studio, tovuti ya kutungia masomo ya Kolibri, ambayo inataka intaneti, utunge zoezi lako, na juu ya kila swali ubandike aya yake, maneno 80 hadi 120 yatosha. Chapisha, kisha liingize kwenye laptopu kwa tokeni, yaani msimbo utakaopewa na Studio.

Maswali nayo yana mtego. Kifungu cha mapango ya Amboni kinavutia, lakini ukiuliza mle ndani wanaishi wanyama gani, mtoto wa Tanga atajibu popo bila kusoma hata mstari. Muulize "they" ya mstari wa tatu ni akina nani, au mwandishi ameashiria nini bila kukitaja.

Na kama umeweka kufaulu kuwe majibu matatu sahihi mfululizo, epuka kweli-si kweli: anayebahatisha ana nafasi 1 kati ya 8 ya kupatia matatu ya kwanza. Kwa machaguo manne inashuka hadi 1 kati ya 64. Upande wa mwalimu utaona maswali yaliyowashinda wengi. Kipindi kinachofuata anzia hapo.

Umeme ukikatika na kurudi, simu zikagoma kufungua? Huenda ruta imeipa laptopu anwani mpya ya mtandao (IP). Ingia kwenye mipangilio ya ruta uifungie anwani moja. Pia izuie laptopu isilale ukifunga kifuniko, la sivyo darasa zima linakatika.

Ufupisho uacheni daftarini, usahihishwe kwa kalamu nyekundu kama kawaida.