Uzoefu wangu na albamu ya "Kinshasa Succursale" ya Baloji

Nafanya kazi ya uwakala wa forodha Kurasini, Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya mizigo inayopita mikononi mwangu huenda Lubumbashi kwa malori yanayopitia Tunduma na Kasumbalesa. Dereva mmoja wa njia hiyo alirudi na flashi yenye wimbo ambao niliusikia kupitia dirisha la lori lake tulipokuwa tukisubiri hati. Mwanzoni nilidhani ni "Indépendance Cha Cha" yenyewe, ule wimbo wa Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz uliozaliwa Brussels mwaka 1960, wakati wanasiasa wa Kongo walipokuwa mezani wakidai uhuru wao. Gitaa lilikuwa la mwendo ule ule na kiitikio kilikuwa kile kile. Kisha ikaingia sauti ya mtu anayefokafoka kwa Kifaransa, bila papara, kana kwamba anamsomea jirani yake barua. Nilipouliza jina la wimbo, dereva alinijibu: "Siku Ya Baadaye," wa Baloji. Jina la Kiswahili juu ya wimbo wa Kifaransa wenye mdundo wa Kilingala lilinitia hamu ya kuinunua albamu nzima badala ya kuomba ninakiliwe.

Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji akiwa bado mtoto mdogo na kukulia huko, kisha akajifunzia kazi hii ya kufokafoka katika kundi la Starflam la mjini Liège. Alipojitoa kundini alianza upya kama chipukizi, na albamu yake ya kwanza ya peke yake, "Hotel Impala" ya mwaka 2007, aliiandika kama jibu la barua aliyoletewa na mama yake baada ya miaka mingi ya kutosikiana. "Kinshasa Succursale" ndiyo hatua iliyofuata: alizichukua nyingi kati ya nyimbo hizo, akasafiri nazo hadi Kinshasa na kuzirekodi upya kwa siku chache tu pamoja na wanamuziki wa huko. Neno la pili katika jina la albamu maana yake ni tawi, kama tunavyosema tawi la benki, na kwa mtu wa ofisi kama mimi utani huo ulieleweka mara moja. Mwaka 2011 ilisambazwa Ulaya na Crammed Discs, kampuni huru ya Brussels, ambayo ndiyo iliyowatambulisha Konono N°1, kundi la Kinshasa, kwa wasikilizaji wa nje ya Kongo.

Nawataja Konono kwa sababu wimbo walioshirikishwa, "Karibu Ya Bintou", ndio ulionionyesha kwamba mchanganyiko wa albamu hii haukufanywa kwa ajili ya mapambo. Kundi hilo hupiga likembe, ndugu wa karibu wa ilimba ya Wagogo wetu wa Dodoma, lakini huziunganisha na vipaza sauti vya kujiundia, vyenye sumaku zilizotolewa katika vipuri vya magari chakavu, kiasi kwamba kila ncha ya chuma inapoguswa kwa kidole gumba hutoa mlio wenye mkwaruzo, kama spika inayotaka kupasuka. Mtayarishaji mwoga angeusafisha mkwaruzo huo, au angekata kipande cha sekunde nne na kukirudiarudia chini ya ngoma za kompyuta. Hapa likembe zimeachiwa barabara nzima. Msanii ndiye anayezipisha: husubiri, huingia katika upenyo ambao wapigaji wamemwachia, husema sentensi fupi mbili tatu, kisha hunyamaza na kuziacha ziendelee. Nimeusikiliza wimbo huo kwa visikilizio vya masikioni, kwa redio ndogo ya ofisini na ndani ya gari, na ni ndani ya gari tu ndipo besi ya likembe kubwa ilipopata nafasi ya kutosha. Kwa simu yenye spika ndogo msijisumbue, kwani mtasikia bati likigongwa.

Katika "Siku Ya Baadaye" kazi ni ya aina nyingine. Wimbo wa Kabasele ulijaa majina ya vyama na ya wanasiasa waliokwenda Brussels, ukayataja kwa furaha kama mshereheshaji anayewaita wageni wa heshima kwenye harusi. Baloji aliurejea wimbo huo kwa toleo lake wakati Kongo ilipokuwa ikitimiza miaka 50 ya uhuru, akaiacha sherehe iendelee kwenye kiitikio na magitaa, huku yeye katika beti akisema kama mgeni aliyefika asubuhi yake na kukuta viti vimepinduliwa. Hakuuharibu wimbo wa wazee na wala hakuutania. Mara ya tatu au ya nne niligundua kwamba nilikuwa nikitikisa kichwa kwa raha na kusikitika kwa wakati mmoja, jambo ambalo muziki wa kufokafoka (kama tulivyouita zamani redioni) haujanifanyia mara nyingi.

Sasa niseme wazi kwa anayetaka kununua: msidanganywe na majina ya nyimbo. Kiswahili kimo, lakini kimo mlangoni zaidi kuliko sebuleni, kwa maana sehemu kubwa ya mashairi ni ya Kifaransa, na viitikio vingi ni vya Kilingala. Kiswahili anachokigusa nacho ni kile cha Lubumbashi, ambacho kwetu sisi wa pwani kinahitaji sikio la pili. Huko watu ni "batu", wana ni "bana", na mahali huitwa "fasi". Ni huyo dereva aliyenifungua macho kuhusu jina la msanii mwenyewe, kwamba "ba" ya mwanzoni ni "wa" yetu, na mwenye kujua walozi hahitaji tafsiri zaidi. Kubeba jina kama hilo si jambo dogo, na miaka mingi baadaye aliligeuza kuwa filamu, kwa kuwa "Augure", iliyotunzwa Cannes mwaka 2023, inamhusu mtu anayerudi Kongo akiwa na sifa ya ulozi. "Hotel Impala" ilikuwa na wimbo ulioitwa "Nakuenda", Kiswahili safi cha Katanga. Katika albamu hii jina linalokujia ni "Nazongi Ndako", yaani narudi nyumbani, kwa Kilingala. Ukiyaweka majina hayo mawili pamoja unaona jinsi albamu yenyewe ilivyohama kutoka Lubumbashi, mji wa mama, na kuingia Kinshasa, mji wa wapiga magitaa. Mimi ninayependa Kiswahili nilihisi wivu kidogo.

Kuhusu ununuzi, niliagiza nakala ya diski iliyotumika kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye simtaji, nikaisubiri kwa wiki saba, na ilipofika jalada lilikuwa na ufa na kijitabu cha ndani kilikuwa kimelowa hadi kurasa zikagandana. Diski yenyewe ilicheza bila kukwama. Hata hivyo, kwa albamu ambayo nusu ya utamu wake uko katika maneno ya lugha nisiyoimudu, kukosa maandishi lilikuwa pigo, na ilinibidi nimsumbue mwenzangu wa ofisini aliyesoma Bujumbura anitafsirie ubeti kwa ubeti wakati wa chakula cha mchana. Ningeanza tena, ningenunua nakala ya kidijitali.

Si kila wimbo umesimama. Zipo nyimbo za taratibu, zenye mwelekeo wa soul ya Kimarekani, ambamo bendi inarudi nyuma na msanii anabaki na maneno mengi kuliko mdundo unavyoweza kubeba. Hapo mtu asiyejua Kifaransa anabaki akitazama saa. Pia kwaya ya kanisa iliyomo, ambayo ina sauti za kumtoa nyoka pangoni, ingestahili muda mrefu zaidi kuliko iliopewa. Kwa hayo naipa nyota nne kati ya tano. Anayeijaribu kwa mara ya kwanza aanze na "Karibu Ya Bintou", afuatie "Siku Ya Baadaye", na nyimbo za taratibu aziweke akiba hadi apate wa kumtafsiria.