Canon EF 50mm f/1.8 STM kwa mpigapicha wa biashara ndogo

Wateja wangu wengi ni wenye migahawa midogo, mafundi cherehani, wauza kanga wa Kariakoo na akina mama wanaotengeneza sabuni nyumbani, na kwa kazi za namna hiyo ubora wa lenzi hupimwa kwanza kwa jinsi inavyorudisha fedha zake. Lenzi ya Canon EF 50mm f/1.8 STM, iliyoingia sokoni mwaka 2015 kwa bei ya chini ya dola 130 huko Marekani, imenirudishia zangu mara nyingi. Ninaitumia kwenye kamera yenye kihisi kidogo (kihisi ni kile kinachonasa picha ndani ya kamera), kwa kazi za kulipwa, jijini Dar es Salaam, na maoni yangu yanatoka huko.

Kinachoipandisha hadhi ni mwanga. Namba ya f hueleza upana wa tundu la lenzi linalopitisha mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni pana. Lenzi ya 18-55mm iliyokuwa ikiuzwa pamoja na kamera nyingi za Canon, ikivutwa hadi mwisho, hufunguka hadi f/5.6 tu, ilhali hii hufunguka hadi f/1.8, yaani hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Aliyewahi kukuta umeme umekatika katikati ya oda, akabaki na mwanga wa mlangoni peke yake huku mwenye duka akimsubiri, anaijua thamani ya tofauti hiyo.

Hata hivyo, kufungua tundu lote kunaharibu kazi nyingi kuliko kunavyozipendezesha, na hili ndilo ningependa anayeanza alielewe mapema. Nilipiga samaki wa kupaka na wali wa nazi kwa mgahawa mmoja wa Upanga, meza ikiwa kando ya dirisha. Kwa umbali wa mita moja, ambapo sahani nzima inaenea vizuri ndani ya picha, f/1.8 huacha sehemu kali, yaani ile inayoonekana bila ukungu, isiyozidi kina cha sentimita tatu. Jicho la samaki lilionekana safi, na hata chembe za bizari juu ya ngozi yake zilihesabika, lakini wali ulikuwa ukungu mtupu. Mwenye mgahawa aliitazama picha kwa muda, kisha akaniuliza, "Kaka, mteja atajuaje kama huu ni wali?" Alikuwa na haki, kwa sababu analipia chakula chote kionekane. Nikaweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, nikafunga tundu hadi f/8, sehemu kali ikafika sentimita kumi na mbili hivi, na tui likang'aa juu ya samaki huku punje za wali zikionekana mojamoja. Kati ya f/4 na f/8 ndipo lenzi hii inapotoa picha kali kuliko zote, na bei yake haijionyeshi hata kidogo.

Kwenye kanga, sifa yake ni kwamba haipindishi mistari kiasi cha kuonekana: pindo hunyooka kutoka kona hadi kona, na jina husomeka lote, jambo ambalo muuzaji hulikagua kabla ya rangi. Tatizo ni nafasi. Kwa kamera yangu, kanga iliyotandazwa ukutani inanihitaji nirudi nyuma karibu mita tatu na nusu, na maduka ya Kariakoo mengi hayana upana huo, kwa hiyo mimi hubeba kanga hadi ukumbini au juu ya paa asubuhi. Mwenye kamera ya kihisi kikubwa atatosheka na mita mbili na kitu. Kwa picha za vyumba vya hoteli, itafute lenzi nyingine kabisa.

Haina kituliza mtikisiko, haina kinga dhidi ya vumbi wala maji, na kikinga jua chake huuzwa kando. Pete ya kulenga hutegemea umeme wa kamera, na sehemu ya mbele hutokeza wakati wa kulenga, kwa hiyo hakikisha imerudi ndani kabla hujazima kamera na kupanda bodaboda. Inapima gramu 160 tu, nami huishukuru siku ninapozunguka maduka manne na begi mgongoni.

Anayenunua iliyotumika asiichanganye na ile ya zamani, EF 50mm f/1.8 II, ambayo kishikio chake cha nyuma, kinachoungana na kamera, ni cha plastiki. Cha hii ni cha chuma. Kisha aiangalie ndani kwa tochi ya simu, kwa kuwa unyevu wa pwani huotesha fangasi kwenye vioo, nao huonekana kama nyuzi nyembamba za buibui. Ukiziona, hata kama bei imeshuka nusu, mrudishie muuzaji lenzi yake.