Porsche 911 au Corvette ya injini katikati? Mwongozo wa kununua gari la spoti ukiwa Malindi

Tangu Chevrolet ilipoihamisha injini ya Corvette kutoka mbele na kuiweka nyuma ya kiti cha dereva, wapenzi wa 911 hapa Malindi hawajatulia. Mtu ameiweka Porsche moyoni tangu utotoni, amedunduliza, amekaribia kuagiza, kisha anaonyeshwa gari lenye V8, yaani injini ya silinda nane, ya lita 6.2 ambalo bei yake ya kuanzia huko Marekani, lilipozinduliwa Julai 2019, haikufika dola 60,000. Moyo unayumba. Nimeulizwa jambo hili na watu wazima wenye biashara zao, na pia na vijana ambao bado wanapiga hesabu za gari la kwanza, na siwezi kuwapa wote jibu moja. Magari niliyoyapanga hapa nimeyapima kwa kigezo kimoja tu: ni lipi utakalolitoa nyumbani mara nyingi zaidi katika mji huu wa chumvi, mchanga na matuta.

Kabla ya mapenzi, sheria. Kenya haipokei magari ya kawaida yenye usukani wa kushoto, na gari la mtumba halitakiwi kuzidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa linalotua Mombasa mwaka 2026, maana yake ni la 2019 kuja mbele. Honda S2000, Toyota MR-S na 911 za zamani utazipata tu kwa mtu ambaye tayari anazo humu nchini na logbuku yake iko sawa.

Kodi nayo inapanda kwa ngazi. Ushuru wa forodha ni asilimia 35. Ushuru wa bidhaa hufuata ukubwa wa injini: asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500, asilimia 25 ikivuka hapo, na asilimia 35 kwa injini ya petroli iliyovuka cc 3000. Juu ya yote hayo inakaa VAT ya asilimia 16, pamoja na ada nyingine ndogo ndogo. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, huanzia kwenye orodha yake yenyewe ya bei za magari, ikapunguza kulingana na umri wa gari, kwa hiyo risiti yako ya bei poa kutoka Japani haitakusaidia sana. Zishike namba hizo mbili, 1500 na 3000, kwa sababu ndizo zitakazoamua mengi hapa chini.

Nafasi ya kwanza: Mazda Roadster (MX-5) ya ND

Najua wengine mmekuja kusoma habari za farasi mia nne na mia tano. Subirini kidogo. Roadster ya kizazi hiki kinachoitwa ND, iliyoanza kuuzwa 2015, kule Japani inatoka na paa la kitambaa na injini ya lita 1.5, cc 1496 kamili. Iko chini ya mstari wa 1500, kwa hiyo inakamatwa kwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20. Ndugu yake RF, mwenye paa gumu linalojikunja, ana injini ya lita 2.0 na anahamia ngazi ya juu. Ukiweza kuishi na kitambaa, chukua ya 1.5.

Gari lina uzito wa takriban kilo 1,000. Kwa kuwa ni jepesi, breki zinadumu, tairi zinadumu, na huhitaji kuvunja sheria ili ufurahi. Ukitoka Malindi kwenda Watamu jioni, paa liko chini, gia ya mkono iko mkononi, utakuwa umetumia gari lako lote kabla hujafika Gede. Mwenye 911 katika njia hiyo hiyo ametumia robo ya lake. Tairi zake za inchi 16 zina ukuta mnene kiasi, na kwa barabara zetu za ndani hilo ni jambo kubwa kuliko namba za kwenye karatasi.

Ubaya wake ni jua. Saa saba mchana paa hulifungui, labda kama unataka kuungua, na kitambaa kikilala nje mwaka mzima kitapauka na kukauka kwenye mikunjo. Liwekee kivuli cha kweli, cha makuti au mabati. Mwarobaini hautoshi, maana unadondosha majani na ndege hukaa humo. Tena boneti na kifuniko cha buti ni vya alumini, lakini sakafu ni chuma, na chuma Malindi kinaliwa.

Nafasi ya pili: Porsche 911 (992)

Hapa ndipo ubishi wenyewe ulipo, kwa hiyo nitakaa.

Injini ya 911 iko nyuma kabisa, imening'inia baada ya ekseli, na imekuwa hivyo tangu gari lilipoanza kutengenezwa 1964. Ukiulizwa darasani utasema hapo si mahali pa kuweka uzito. Lakini Porsche wametumia miaka sitini kuugeuza udhaifu huo kuwa faida: uzito unakandamiza magurudumu yanayosukuma, gari linashika lami vizuri likitoka kwenye kona, na pua inabaki nyepesi mikononi. Injini ya katikati inafanya kazi kwa njia nyingine. Uzito unakusanyika karibu na kiuno cha dereva, na gari linageuka bila kusitasita. Zora Arkus-Duntov, mhandisi aliyeijenga sifa ya Corvette, alilipigania jambo hilo tangu miaka ya sitini na akafariki 1996 kabla hajaliona likiuzwa. Kwa uhandisi mtupu, Corvette ina haki ya kujivuna.

Sasa turudi Malindi. Injini ya 911 Carrera ni cc 2981. Inapita chini ya mstari wa 3000 kwa kijisehemu kidogo tu na kulipa asilimia 25. Corvette ni cc 6162, inalipa 35, na hiyo tofauti inahesabiwa juu ya thamani ambayo tayari imeshaongezwa ushuru wa forodha. Ile bei nafuu ya Marekani inaanza kuyeyuka hapo bandarini. Halafu kuna suala la nani atakayeifungua. Porsche ina nyumba yake Nairobi yenye mashine za uchunguzi na njia ya kupata spea. General Motors iliuza hisa zake za Kenya kwa Isuzu mwaka 2017, na tangu hapo hakuna mlango wa Chevrolet unaoweza kuubisha.

911 pia ina viti viwili vidogo nyuma. Mtu mzima hakai, lakini watoto wawili wa madrasa wanakaa vizuri, na kwa mwenye familia hiyo ndiyo tofauti kati ya gari la kila wiki na gari la kufunikwa.

Kuna jambo moja ambalo muuzaji hatakuambia. Rejeta za 911 ziko mbele, kwenye pembe mbili za bampa, na matundu yake yanafyonza kila kitu kilicho barabarani. Ukikaa upande wa Casuarina, kitu hicho ni majani ya mvinje. Ni membamba mno, yanapenya kwenye matundu ya bampa na kujilaza juu ya kondensa ya eya-kondishna, yanashika unyevu wa bahari, na chini yake alumini inaanza kutoa unga mweupe. Bampa likivuliwa utakuta tabaka lililoshikana, la rangi ya kahawa, unaweza kulinyanyua kwa vidole viwili kama kipande cha jamvi. Kabla ya kununua 911 iliyokaa pwani, piga tochi ndani ya matundu hayo. Ukishanunua, fanya usafi huo kila mwaka kabla ya kaskazi kuleta joto lake.

Nafasi ya tatu: Chevrolet Corvette (C8)

Sikuiweka ya tatu kwa kuidharau. Ni gari zuri sana, na kuna mambo mawili ambayo ninaona limetengenezwa kana kwamba waliifikiria pwani yetu.

La kwanza ni mwili. Paneli za nje si chuma, ni za nyuzi na gundi ngumu, na fremu yake ni alumini. Chumvi haina pa kutafuna kirahisi. Kwa ufa mdogo, fundi wa maboti ya faiba anaielewa kazi hiyo kuliko fundi wa kunyoosha mabati, ijapokuwa rangi utaipeleka kwa mtu wa magari.

La pili ni kifaa cha kuinua pua. Unabonyeza, na mbele ya gari inapanda milimita 40 chini ya sekunde tatu. Gari hukumbuka hadi sehemu 1,000 kwa setilaiti, ili ukirudi kwenye tuta lile lile linyanyuke lenyewe. Anayeijua njia ya Mtwapa hadi Malindi anaelewa thamani ya kitu hicho. Si kila C8 inacho, maana ni cha kuongezewa, na ningekataa kuinunua isiyokuwa nacho hata kwa bei ya kutupa. 911 nayo huwa nacho kwa walioagiza.

C8 ndiyo Corvette ya kwanza kabisa kutoka kiwandani ikiwa na usukani wa kulia, kwa hiyo tafuta za soko la Japani, Uingereza au Australia. Usikubali ya Marekani iliyogeuzwa usukani gereji. Gia yake ni ya otomatiki ya klachi mbili, kasi nane, na manuali haipo kabisa. Dai rekodi ya kubadilishwa mafuta na filta ya giaboksi, kwa sababu giaboksi hiyo ikisumbua, hapa hutapata wa kuifungua na kuagizia sehemu itakugharimu miezi. Buti la nyuma linameza mifuko miwili ya gofu, na paa unaweza kulitoa kwa mkono. Mambo ya kufurahisha ni mengi. Ukiwa na gari jingine la kazi, na una uvumilivu wa kuagiza spea kutoka nje, nunua kwa moyo mweupe. Ikiwa ndilo gari lako pekee la starehe, 911 itakuwa barabarani siku nyingi zaidi.

Nafasi ya nne: Toyota GR86

Injini mbele, boksa (silinda zake zimelala ubavu) ya lita 2.4 iliyotengenezwa na Subaru, nguvu farasi 235 kwa ya Japani, na chaguo la gia ya mkono. Fundi aliyezoea Forester na Impreza hatashangaa akifungua boneti. Paa ni gumu, viti vya nyuma vipo kwa jina. Kwa akili ya kawaida ningeiweka ya pili, lakini cc 2387 inaipeleka kwenye ngazi ya asilimia 25, na bado haina ile raha ya Roadster jioni ya upepo. Kijana anayetaka gari moja la kwenda kazini Kilifi na kurudi, huyu ndiye wake.

Nafasi ya tano: Porsche 718 Cayman

Wengi huniambia, kaka, kama ni injini ya katikati, si Porsche wanayo siku zote? Wanayo, na kwa kona Cayman ni hodari kweli. Ya kawaida ina silinda nne, lita 2.0 yenye turbo na farasi 300. Tatizo ni kwamba injini huioni. Hakuna boneti ya kuifungulia. Oili na maji ya kupozea unajazia ndani ya buti la nyuma, na kazi nyingine zote ni kuvua paneli au kulinyanyua gari. Mjini kwetu, ambako lifti ya gari ni chache na mafundi wengi wanafanyia kazi chini ya mti, kila kitu kidogo kinakuwa safari ya Mombasa. Mwenye makazi ya pili Mombasa au Nairobi aipandishe hadi ya tatu.

Anayetamani injini katikati lakini mfuko hauruhusu, aitazame Honda S660: cc 658, turbo, farasi 64, gia sita za mkono, ilitengenezwa 2015 hadi 2022. Ni ndogo mno, haina buti la maana, na mtu mrefu atapata tabu. Lakini ni injini ya katikati ya kweli kwa ushuru wa asilimia 20.

Kabla hujatuma pesa

Omba picha za chini ya gari, si za pembeni. Gari lililotoka mikoa ya theluji ya Japani limeshaonja chumvi ya barabarani kabla halijaonja ya kwetu, na kutu ikitangulia huishindi. Hakikisha mwaka wa kutengenezwa na wa kusajiliwa havipishani zaidi ya mwaka mmoja, na cheti cha ukaguzi wa kabla ya kupakiwa kiwe mkononi. Karibu magari haya yote hayana spea tairi, yanakuja na gundi na pampu ndogo. Nunua vifaa vya kuziba panchari vya mpira na ujifunze kuvitumia ukiwa nyumbani, si Roka saa tatu usiku.

Likishafika, lioshe chini kila wiki, ndani ya matao ya magurudumu na kuzunguka ekseli. Tumia maji ya bomba. Visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi, na nimeona magari yanayooshwa kila asubuhi kwa maji hayo yakioza haraka kuliko yale yasiyooshwa.