Mashine ya kutotolesha mayai niliyonunua Moshi mjini: nzuri, ila joto lake lipime mwenyewe

Nina miezi minne na hii mashine hapa Pasua kwahiyo nasema nilichokiona. Ni ile ya plastiki ya mayai 56, inageuza yenyewe, nlinunua laki tatu na nusu duka moja la vifaa vya mifugo. Kijana wa dukani akaniambia mama hii ni otomatiki, we weka mayai ukalale. Basi nikaweka 48 ya kienyeji, mengine yangu mengine ya jirani, yote hayajazidi wiki tangu yatagwe.

Siku ya tano usiku tukazima taa, binti yangu yuko fom faivu PCB (fizikia, kemia na baiolojia) alikuwa likizo, akaweka tochi ya simu kwenye ule upande butu wa yai. Jamani! Mishipa myekundu imetandaa kama utando wa buibui, katikati kuna kidoa cheusi ndo jicho hilo, na karibu yake kitu kinadundadunda. "Mama ona moyo huo." Kumbe moyo unaanza kupiga siku ya pili tu, kifaranga mwenyewe hata bawa hana.

Akanichorea kwenye daftari kwamba kiinitete, yaani kifaranga kinapoanza tu kuumbika, kinaanza kama matabaka matatu, la nje linakuwa ngozi na pia ubongo na neva (hapo nilimrudisha arudie, ngozi na ubongo chimbuko moja!), la kati linakuwa moyo, damu, misuli na mifupa, la ndani utumbo, ini na mapafu. Samaki hivyohivyo, ng'ombe hivyohivyo, na sisi hivyohivyo, tena mwanzoni wote tuna mkia na mikunjo shingoni, ila yavuyavu wa baharini yeye ana matabaka mawili tu. Nimefuga kuku miaka mingi sikuwahi kujua kinachoendelea mle ndani.

Sasa shida. Kuku anatotoa siku ya 21, hivi vyangu siku ya 19 vimeshaanza kudonoa ganda. Vikatoka 29 lakini vingine vitovu viko wazi vinalowa, vitatu vikafa. Siku za mwisho kifaranga anavuta kile kiini cha njano kiingie tumboni kupitia kitovu, ndo chakula chake cha siku mbili tatu za kwanza, sasa joto likizidi anakimbizwa anatoka kabla hajafunga. Nikanunua kipimajoto cha kioo nikakilaza juu ya trei, mashine inasoma 37.7, chenyewe kinasoma 38.9! Digrii moja na ushee, ndo imeniulia vifaranga.

Yale 19 yaliyobaki tukayapasua mojamoja. Saba hayakuwa na mbegu, hayo sio kosa la mashine. Mengine yana duara la damu tu, hao walikufa siku za mwanzo kabisa. Mmoja aliniumiza, amekamilika manyoya mpaka kucha, ila kichwa kimekaa upande wa ncha, hakukifikia chumba cha hewa kilichoko upande butu.

Nikairudisha dukani. Kijana kwanza akakataa, eti mama hiyo imetoka kiwandani imeshapimwa, nikamwambia mwanangu washa hapahapa tuweke kipimajoto, baada ya nusu saa mwenyewe akaona akabadilisha sensa ya joto bure, hakunidai hata mia. Hapo nawapa haki yao, ila wangepima kabla ya kuuza.

Raundi ya pili niliweka 50, wakatoka 41, siku ya 21 asubuhi, vitovu vikavu. Umeme ukikatika naifunika blanketi, masaa mawili haijaniletea shida. Kigeuzi hakijawahi kugoma. Kitundu cha kuongezea maji ni kidogo mno, natumia sirinji.

Naishauri kwa anayeanza, ila nunua na kipimajoto siku hiyohiyo. Sasa hivi kuna mengine 52 ndani, leo siku ya 16, keshokutwa nazima kigeuzi naongeza maji, na binti kashapiga simu toka shule nisipasue yale yatakayobaki mpaka arudi.