Hospitali ya binafsi hapa Lamu: daktari ana utu, dirisha la mapokezi halina

Naandika hasira zikiwa bado kifuani. Jina la hospitali nalihifadhi, lakini aliyekuwa nyuma ya lile dirisha usiku ule anajijua.

Ulikuwa msimu wa kusi, usiku wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida. Nimelala kwetu Langoni, simu ikalia. Namba ya mtalaka wangu. Ilikuwa imepita kama miaka mitatu tangu aniandikie talaka moja. Eda ikaisha, kila mtu akashika njia yake, tukabaki na binti yetu na salamu za Idi. Sauti haikuwa yake. Alikuwa baharia wake.

"Dada, tuko Mkanda. Maji yametoka, boti limekaa. Nahodha anatapika, hawezi hata kukaa kitako. Namba yako ndiyo ya kwanza kwenye simu yake."

Mkanda kila mtu wa huku anaujua. Ni ule mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, njia ya kutoka kisiwa cha Pate kuja Amu, yaani Lamu, bila kuzungukia nje kwenye mawimbi. Bamvua likikupwa, saa nne saa tano za usiku, maji hutoka boti likakaa juu ya matope, na hapo hata uwe na mashine ya namna gani unangoja yajae. Walikuwa wametoka Kizingitini, huko Pate, na mtu anayeumwa tangu jana yake asubuhi. Maumivu yalianzia kitovuni yakateremka upande wa kulia. Huko walimkanda tumbo kwa mafuta ya nazi, wakampa vidonge vya maumivu. Nikamwambia yule kijana asimkande tena, asimpe kitu kinywani.

Baada ya saa nzima akapiga tena, safari hii na furaha. "Dada, alhamdulillahi, amepata nafuu. Maumivu yameondoka mara moja."

Nilishindwa kusimama. Dadangu aliwahi kuugua kidole tumbo, kwa hiyo nilijua. Kikivimba kinauma. Kikipasuka, maumivu yanaweza kupungua kwa muda mfupi, mtu akadhani amepona, kumbe usaha umeshamwagika tumboni. Nikakaa gatini peke yangu na kanga mbili, nayatazama maji yanapanda ngazi moja moja. Sijawahi kuona maji yakijaa polepole vile.

Walifika yapata saa nane. Tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao, mwili unawaka. Tukamlaza kwenye mkokoteni, vijana wawili wakavuta, mimi nimemshika kichwa kisigonge kwenye kuta za vichochoro.

Sasa njooni dirishani.

Binti wa mapokezi hakuinuka kitini. Hakumtazama mgonjwa. Alivuta fomu, akauliza, "Wewe ni nani wake?"

Nikamwambia kidole tumbo kimepasuka, mwite daktari.

"Nimeuliza wewe ni nani wake."

Nikasema, mimi ni mama wa mtoto wake.

"Mama wa mtoto si mke. Mnaishi pamoja?"

Nikanyamaza. Vijana wa bahari wamesimama nyuma yangu, wanasikia. Nikasema hapana, tumeachana. Akaguna, hivi, puani, akasema mtalaka hawezi kutia saini, akaitwe ndugu yake, na shilingi 40,000 zitangulie ndipo afunguliwe faili. Ndugu yake yuko Kizingitini! Saa nane ya usiku! Na mtu yuko kwenye mkokoteni, midomo imekauka, macho yamefumba.

Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 imeweka faini ya hadi shilingi milioni tatu kwa hospitali inayoweza kutibu dharura ikakataa. Sheria hiyo hiyo inaruhusu kutibu bila saini ya mtu pale ambapo kuchelewa kunaweza kuua. Haya nimeyajua baadaye. Usiku ule nilijua kupiga kelele tu, na nilizipiga.

Kelele ndizo zilizomleta daktari. Alishuka ngazi na ndala miguuni, shati hajalifunga. Hakuuliza mimi ni nani. Aliweka vidole upande wa kulia wa tumbo, akabonyeza taratibu, kisha akaachia ghafla, na mgonjwa ambaye tulidhani hajitambui akapiga ukelele uliosikika mpaka nje. Daktari akasema, "Mwingizeni ndani. Karatasi zitafuata." Basi. Maneno machache, na mtu akaokoka.

Kwa hiyo nikisema msiende hospitali ile nitakuwa namdhulumu daktari yule, na nesi aliyekuwa akitoka kila baada ya muda kuniambia "mama, bado tuko naye." Nilitaka kuipa nyota moja. Hapa nilipofika naona mbili hazitoshi.

Nikiwa nangoja, yule binti alinisogezea mfuko wa plastiki wa vitu vya mgonjwa. Ndani mlikuwa na simu, ufunguo wa boti, na kofia ya viua, ile ya kutariziwa kwa mkono. Kofia ile niliishona mimi, miezi mingi, kabla hatujaoana. Ukingoni ilikuwa imechanika, na mtu ameishona tena kwa uzi wa buluu wa nyavu, mishono mikubwa mikubwa ya mkono wa mwanamume. Niliishika mpaka ikaadhiniwa alfajiri.

Alipotoka kwenye nusukaputi, mipira ya dripu mkononi na mwingine puani, alinitambua. Akasema kwa Kiamu chetu, "Usiniwate," yaani usiniache. Sikumjibu, nilikuwa nalia.

Yaliyofuata ni yetu, ila kwa ufupi: alipopata nguvu alimtuma mzee kwa ami yangu. Kwa kuwa ilikuwa talaka moja na eda imeshapita, ilihitajika nikaha mpya na mahari mapya, na vyote vimefanyika.

Kilichobaki ni ile fomu. Siku ya kukatwa nyuzi niliiona kwenye faili. Penye "uhusiano na mgonjwa", yule binti ameandika kwa herufi kubwa: HAKUNA. Mimi niliyemshika kichwa. Niliyelipa zile 40,000 asubuhi yake kwa simu, nikakopa kwa dadangu. Hakuna!

Nimerudi pale na cheti cha ndoa. Nikaambiwa faili limefungwa, haliwezi kuandikwa tena. Nikamwomba yule binti aniangalie usoni aniambie samahani, akaendelea na simu yake. Daktari nampa nyota tano. Dirisha halipati hata moja. Jumamosi narudi tena na cheti changu, na safari hii mume wangu anakuja nami.