Fundi wa vitabu nyuma ya soko, Mtwara: kazi safi, lakini usiende na haraka

Mwanangu alipokuwa akisoma Pietermaritzburg aliniletea kijitabu cha historia ya usharika wa Hermannsburg, huko mashambani Natal, Afrika Kusini, ulioanzishwa na Walutheri wa Kijerumani. Mimi ni Mmachame wa Kilimanjaro, nimefundisha Mtwara tangu 1998. Huku Walutheri tu wachache, wengi wetu tuliletwa na kazi. Ukitaja Wajerumani na dini mtu anakujibu "Ndanda", na wale ni Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki. Kwa hiyo kijitabu kile nimekisoma peke yangu, nikaandika Kiswahili pembeni kwa penseli, mpaka mgongo ukaachia. Unyevu wa Shangani ya hapa Mtwara na mende wakamalizia, wakala na namba za kurasa.

Nilianzia stesheneri moja mjini. Kijana akaniambia, "Mama, hiki tunatia spairo, elfu tatu, dakika kumi." Akakusanya karatasi. Kwa kuwa katika habari za safari ya Walutheri wale Natal inatajwa kurasa mbili zilizokuwa mbalimbali, akaziweka pamoja, Mombasa ikaja nyuma yake. Ukisoma hivyo utadhani watu wale walishajenga Natal ndipo wakaenda Mombasa kutembea. Nikamnyang'anya kabla hajatoboa.

Ndipo jirani akanielekeza kwa huyu mzee. Anakaa nyuma ya soko, jirani na mafundi viatu, ana meza moja, kibano cha mbao cha kukazia vitabu, sindano za gunia na uzi aliouvuta kwenye nta. Gundi anapika mwenyewe kwa unga wa ngano na anatia mrututu kidogo ili mende wasirudi. Hakuniuliza spairo wala laminesheni. Nilimwamkia, akaitikia, akaanza kusoma penseli yangu ukurasa baada ya ukurasa. Nilikaa kwenye benchi karibu saa nzima. Wenye haraka hapo ndipo mtakapokasirika.

"Mwalimu," akasema, "hawa watu wako walifika Natal mara mbili?"

Walifika mara mbili kweli. Mchungaji Louis Harms, wa kijiji cha Hermannsburg katika ufalme wa Hannover, alijengesha meli akaiita Kandaze, jina la yule malkia wa Kushi katika Matendo sura ya 8. Mwaka 1853 akapakia wamisionari 8 na walowezi 8, wakulima na mafundi, waende kwa Waoromo wa Ethiopia, ambao vitabu vya zamani vinawaita Wagalla. Habari za Waoromo zilikuwa zimeenezwa na mmisionari Krapf aliyekuwa Mombasa, huyu huyu wa kamusi ya Kiswahili. Meli ikagusa Natal, ikapanda hadi Mombasa. Wenye mamlaka pale, waliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, hawakuwapa ruhusa ya kupita kwenda bara. Wakageuza. Wakarudi Natal, wakanunua shamba, wakajenga nyumba mwaka 1854 na kuliita Hermannsburg, kama kwao.

Mzee akachora kwa kidole juu ya meza, Natal huku chini, Mombasa kule juu. "Basi walipita hapa mbele ya Msimbati," akasema. "Wakipanda, na wakishuka." Miaka yote nimesoma kijitabu kile, sikuwahi kuwaza kwamba meli ile ilipita mbele ya ufuko ninaopeleka wanafunzi Jumamosi.

Akazipanga kurasa sawasawa. Zilizobaki zilikuwa rahisi. Mwanzoni walikaa wote katika nyumba moja na mfuko mmoja wa mali. Baadaye walowezi wakaomba kila mtu shamba lake. Aliyewahi kukaa kamati ya fedha ya usharika hatashangaa. Mwaka 1856 wakafungua shule, na Louis Botha, yule jenerali wa Makaburu aliyekuja kuwa waziri mkuu, alisoma hapo. Kuna picha ya tarumbeta, wazee kwa vijana wamepanga mstari, na ukifumba macho unasikia Machame siku ya Pasaka. Kuhusu Wazulu waliokuwa kwenye ardhi ile kabla ya shamba kununuliwa, kijitabu kinapita mbio kama mtu aliyekanyaga siafu. Kwamba mwaka 1975 Walutheri Waafrika waliunganisha makanisa yao kuwa moja na sharika za wasema Kijerumani zikabaki upande wao, hilo aliniambia mwanangu.

Sasa lawama. Aliahidi Jumatano, nikakipata siku ya kumi na saba. Simu hapokei akiwa anashona. Na kubwa zaidi, aliponyoosha kingo kwa kisu alikata ncha za maandishi yangu ya penseli, hivi kwamba kwenye ukurasa wa Mombasa imebaki "hawakuwapa ruh". Nilipomwonyesha hakubisha. Alipunguza elfu tatu kwenye elfu kumi na tano, kisha akaokota vipande kwenye takataka chini ya meza na kuvibandika viwili kwa ile gundi yake, vikakaa upande kidogo.

Mshono wenyewe sina neno. Kitabu kinafunguka na kulala mezani bila kushikwa, jalada ni kitambaa cheusi, na mende wameshakitembelea mara moja wakaondoka.

Mkienda, nendeni asubuhi, Ijumaa anafunga saa sita. Mkiwa na maandishi ya pembeni mwambieni mapema asiguse kingo. Mimi wiki ijayo nampelekea vitabu vitatu vya nyimbo vya kwaya, Mwimbieni Bwana, na kingo zake nimezipiga mstari mwekundu.